Themostati, masega, kifaa cha maji au upepo wa tairi: kipi hupunguza ulaji wa mafuta?

MwenyeIST: Wakuu, nina Toyota IST ya cc 1300, na kila fundi ana dawa yake. Mmoja anataka kutoa themostati (vali inayozuia maji ya kupoza injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto), mwingine masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi), wa tatu anauza kifaa cha kutenganisha maji kwa umeme ili gesi yake ichanganywe na petroli. Naomba mnilinganishie kabla sijatoa pesa.

FunguoKumiNaNne: Themostati usiiguse. Kwenye injini hiyo hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kazi yake ni kuiwahisha injini ipate joto. Ikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu unapowasha gari, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ikisoma kwamba injini bado ni ya baridi huendelea kuongeza petroli, hata kama jua la Dar linachoma. Mafundi huitoa gari linapochemsha, ilhali mara nyingi ugonjwa ni rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka.

Bi Mkubwa wa Tanga: Masega mazima hayabani moshi kiasi cha kukuongezea mafuta. Anayeapa kwamba gari lake lilikuwa jepesi baada ya kuyatoa, huenda yake yalikuwa yameziba. Tena uliza yanakwenda wapi, maana ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu; anayekutolea bure hatoi sadaka.

Alteneta: Kifaa cha maji ndicho kibovu kuliko vyote. Umeme wa kutenganisha maji hutoka kwenye alteneta, yaani jenereta ya gari, alteneta huzungushwa na injini, na injini hula petroli ileile unayotaka kuiokoa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa vya kuokoa mafuta zaidi ya 100, na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu, nayo ndogo.

Mzee wa Probox: Sikatai, ila mimi nilifunga chujio la hewa la wazi na gari linavuta vizuri.

Alteneta: Mzee wangu, huo ni mngurumo tu unaokudanganya. Chujio hilo likikaa wazi karibu na injini hunyonya hewa ya moto, ambayo ni nyepesi na hupunguza nguvu.

FunguoKumiNaNne: MwenyeIST, jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, shusha keria usiyoitumia, na taa ya injini ikiwaka pima sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi, kwa sababu ikifa ulaji hupanda sana. Kisha jaza tangi hadi pampu ijikate, tembea, ujaze tena kituo kilekile, ugawe kilomita kwa lita.