Kwa nini HD DVD na Blu-ray zilichelewa kushika wakati picha yake ilikuwa kali namna ile?

MpendaDiski:
Wakuu, salaam.

Nimenunua boksi la diski kuukuu kwa mtu aliyekuwa anahama. Nyingi ni DVD za kawaida, ila chini kabisa kulikuwa na makasha ya bluu ya Blu-ray na mengine mekundu yaliyoandikwa HD DVD. Za bluu deki yangu imezisoma bila shida. Za makasha mekundu inazungusha, inafikiri, inatema. Moja tu ndiyo imecheza, tena baada ya kuigeuza.

Nimeshasoma kuhusu ule ugomvi wa 2006 hadi 2008, Toshiba na HD DVD yake huku, Sony na Blu-ray kule, na aliyeshinda namjua. Kinachonitatiza ni watu wa kawaida: mbona walikaa pembeni? DVD ilipotoka waliikimbilia. Hizi zilikuwa na nukta za picha mara 5 hadi 6 ya DVD, wao wakazitazama tu. Bei? Woga wa kununua mfumo utakaokufa? Au hawakuona tofauti? Aliyekuwepo enzi hizo anieleweshe.

FundiSebule:
Mkuu, miaka hiyo nilikuwa nafunga TV na spika majumbani mwa watu, kwa hiyo nakueleza nilichokiona nyuma ya TV, maana mbele ya TV kila mtu ni mtaalamu.

Wengi watakwambia ni vita vya mifumo. Vilichangia, sikatai, ila mimi sivipi nafasi ya kwanza. Mpinzani wa HD DVD na Blu-ray kwa pamoja alikuwa DVD, na huyo alikuwa ameshaingia ndani na kuvua viatu.

Piga hesabu nami. Jicho zima hutofautisha nukta mbili zikiachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukikaa mita 3 kutoka kwenye skrini, hiyo ni kama milimita 0.9. TV ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi. Tandaza humo picha ya DVD yenye nukta 720 kwa upana, kila nukta inapata karibu milimita 1. Kwa hiyo DVD peke yake imeshakaribia mwisho wa uwezo wa jicho lako. Nukta ya HD kamili, yaani picha yenye nukta 1920 kwa upana, kwenye skrini hiyo hiyo ni milimita 0.37, na jicho lililo mita 3 linazichanganya zaidi ya mbili kuwa moja. Ili uzifaidi inabidi usogee mpaka kama mita 1.3. Nani anaweka kochi hapo? Tena nazungumzia TV bapa, wakati nyumba nyingi bado zilikuwa na TV za chogo.

Kutoka VHS kwenda DVD ilikuwa habari nyingine kabisa. Hakuna kurudisha kanda nyuma, unaruka moja kwa moja hadi kipande unachokitaka, hakuna mashine kutafuna mkanda. Hata asiyejali picha alipata faida. Huku faida ilikuwa picha tu, na sauti kwa wachache wenye spika za kuistahili.

Sasa njoo nyuma ya TV. Nimekuta deki mpya ya HD, TV mpya ya HD, na katikati yao ule waya wa njano wa picha wa enzi za VHS. Waya wa njano haubebi HD, haujawahi kubeba. Mwenye nyumba anakuonyesha kwa fahari, "Fundi, umeona ilivyo kali?" Unamjibu nini? Unainama, unachomoa taratibu, unachomeka HDMI, waya unaobeba HD, unaendelea na spika. Mtu huyo kesho akiulizwa na jirani kama HD ina maana, atasema nini? Na kuna TV za HD za mwanzo zisizo na HDMI kabisa, zina tundu tatu tu za picha: nyekundu, kijani na bluu. Hao nao walikuwa na maswali yao.

Deki zenyewe zilikuwa hazijaiva. HD-A1 ya Toshiba, iliyotangulia Marekani Aprili 2006 kwa dola 499, ndani yake ilikuwa na prosesa ya kompyuta, Pentium 4. Unabonyeza kuwasha, unasubiri kama dakika nzima. Blu-ray ya kwanza sokoni huko ilikuwa ya Samsung, Juni mwaka huo, dola 999. Halafu Blu-ray iliingia sokoni masharti yake hayajakamilika. Deki za awali hazikulazimika kuwa na tundu la mtandao, wala uwezo wa kuonyesha picha ndogo juu ya picha kubwa. Baadaye yakaja matoleo 1.1 na 2.0, na wengi waliotangulia wakabaki na mashine isiyopandishika. HD DVD ilikuwa na hayo yote tangu siku ya kwanza. Iliyokamilika ndiyo iliyokufa, hayo ndiyo maisha.

BintiKasha:
Fundi, kwa waya wa njano nakuunga mkono. Kwa vita nakukatalia.

Hesabu yako ni sahihi kwa inchi 32. Lakini bidhaa ya dola 999 hailengi mwenye inchi 32. Inamlenga mwenye projekta na plazma kubwa, mwenye pesa na macho ya kuona tofauti. Na yeye pia alikaa pembeni! Kwa nini? Kwa sababu filamu zenyewe ziligawanywa, kila studio na upande wake. Universal ilikuwa HD DVD tu. Disney, Fox na Sony, Blu-ray tu. Warner ilikuwa pande zote. Paramount nayo ilikuwa pande zote, kisha Agosti 2007, pamoja na DreamWorks Animation, ikahamia HD DVD peke yake. Yaani umenunua Blu-ray mwezi uliopita ukijua Paramount ipo, unaamka haipo. Aliyetaka filamu zote ilibidi awe na deki mbili chini ya TV, au ile ya LG ya 2007 iliyosoma mifumo yote, dola 1,199. Warner walitangaza diski yenye mfumo mmoja kila upande, wakaiita Total HD. Haikuingia sokoni.

Na mbona hujaitaja PlayStation 3? Novemba 2006 watu walinunua mashine ya gemu, wakajikuta na deki ya Blu-ray sebuleni bila kuiomba. Xbox 360 nayo iliuza kisoma HD DVD kando, dola 199. Kitu cha kando hununuliwa na shabiki, basi.

Tarehe 4 Januari 2008 Warner wakachagua Blu-ray. Tarehe 19 Februari Toshiba wakatangaza kuacha. Wiki sita na siku chache! Kama picha ndiyo ingekuwa tatizo, uamuzi wa studio moja usingemaliza mchezo haraka hivyo.

FundiSebule:
BintiKasha, umeeleza vizuri kwa nini HD DVD ilikufa. Mleta mada anauliza kwa nini watu walichelewa. Vita viliisha Februari 2008 na njia ikawa nyeupe. Toshiba wenyewe walijiunga na kambi ya Blu-ray 2009. Je, watu waliikimbilia? DVD iliendelea kuuzwa kuliko Blu-ray kwa miaka mingi baada ya hapo. Aliyekuwa anasubiri mshindi angenunua. Hakununua, kwa sababu hakuwa anasubiri chochote. Alikuwa ameridhika.

Kuhusu PS3 nakubali. Hiyo ndiyo deki pekee sikuwahi kuikuta imetelekezwa.

BintiKasha:
Au alichoka kusubiri. Netflix walianza kurusha filamu kwa mtandao 2007, katikati ya ugomvi huo huo. Miaka miwili waliyopoteza wakigombana ndiyo mtandao ulipata upenyo. Usimwite ameridhika mtu uliyemchosha.

MpendaDiski:
Shukrani kwenu nyote wawili. Naelekea kwa Fundi kwa sasa, maana nimetoka kukagua nyuma ya TV ya baba mkwe na sisemi nilichokikuta. Lakini hii diski moja ya kasha jekundu iliyokubali, imekubalije?

Leza405:
Hiyo ni ya pande mbili, mkuu: upande mmoja HD DVD, wa pili DVD ya kawaida. Ulichotazama ni DVD. Angalia maandishi madogo kuzunguka tundu la katikati, kila upande umetajwa.

Deki ya Blu-ray haisomi HD DVD ingawa zote zinatumia leza ya nanometa 405. Kwenye HD DVD data imekaa milimita 0.6 ndani, kina kile kile cha DVD. Kwenye Blu-ray ni milimita 0.1 tu kutoka usoni. Kwa hiyo hata lenzi ni nyingine, usipoteze muda kutafuta programu ya kuilazimisha.

Kama unataka kuzitazama, tafuta kile kisoma cha Xbox 360 alichokitaja BintiKasha. Kinatumia USB na kompyuta inakitambua, ila utahitaji programu ya zamani ya kuchezesha diski inayokubali HD DVD, kwa sababu matoleo mapya yameuacha mfumo huo. Ukikipata, anza kuzijaribu mapema. Wakusanyaji wengi wanalalamika kwamba baadhi ya HD DVD zimeanza kuoza tabaka la ndani. Ikikwama kila mara pale pale na uso hauna mkwaruzo, usilaumu kisoma.

Na usijali zilitoka nchi gani. HD DVD haikuwekewa ukanda, yaani ile alama inayofanya diski ya eneo moja la dunia ikataliwe na deki ya eneo jingine. Huo upande wa DVD ndio unaweza kukataa kwenye deki nyingine.