Kuchonga mti mbichi katika msitu wa familia: kwa nini vigoda hupasuka, na miti ipi ikatwe?

Mjukuu wa Tigoni

Hamjambo wanajukwaa. Familia yetu ina msitu mdogo wa binafsi upande wa Tigoni, Limuru. Marehemu babu aliupanda mikaratusi na migrevilea kando ya majani chai, na ndani yake imesalia miti ya kienyeji: miringaringa, mikinduri na muiri mmoja mkubwa ambao hakuna anayekumbuka ulianza lini. Ninaishi na kufanya kazi Nairobi, lakini mwishoni mwa juma huenda huko kuchonga vigoda, miiko na mipini kwa shoka, tezo na kisu, nikitumia mti ulioangushwa siku hiyohiyo, kwa sababu mti mbichi hukubali kisu kwa urahisi na msituni hakuna umeme.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la ufundi: vigoda vinavyotoka msituni vikiwa vizima hupasuka nikishavifikisha nyumbani Kasarani, na ufa karibu kila mara hukata kutoka katikati ya kikalio kwenda ukingoni. Miiko haipasuki, ila hujipinda. La pili ni la miti yenyewe: binamu zangu wanapendekeza tuwakaribishe watu wa mjini waje kujifunza kwa malipo, nami ningependa kujua ni miti ipi tunayoweza kukata mwaka baada ya mwaka bila kuumaliza msitu, na ni ruhusa zipi zinazohitajika hata kama ardhi ni yetu.

Fundi wa Pumwani

Salamu, ndugu Mjukuu. Ufa wa namna hiyo unaonyesha kwamba kigoda kimechongwa kutoka gogo zima, moyo wa mti ukiwa umeachwa ndani yake. Mti uliokatwa leo unaweza kubeba maji yanayokaribia uzito wa mti huohuo ukiwa mkavu, na baadhi ya miti hubeba zaidi ya hapo. Maji yaliyo katika matundu ya nyuzi hutoka kwanza, na katika hatua hiyo mti hausinyai. Kusinyaa huanza unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30, kuta za nyuzi zenyewe zinapoanza kukauka. Kuanzia hapo mti husinyaa kuuzunguka moyo karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome, na kwa urefu wake hausinyai kiasi cha kuonekana. Duara ambalo mzingo wake hupungua kuliko upana wake halina budi kufunguka mahali fulani, hata kama fundi ana mkono mzuri namna gani.

Kwa hiyo, chagua shina nene, ulipasue kwa kabari kupitia moyoni, kisha uchonge kigoda kutoka ubavuni mwa shina na kuuacha moyo nje kabisa. Chonga umbo la kwanza ukiacha unene wa ziada ulio sawa kila upande, kwa sababu ukuta mwembamba hukauka na kuvutana na ule mnene. Paka nta au gundi nyeupe ya seremala kwenye sehemu zilizokatwa kwa kukingama na nyuzi, maana maji hutokea hapo upesi kuliko penginepo, halafu kifukie kigoda katika gunia la maranda ya mti huohuo na ukiweke kivulini hukohuko Limuru. Fungua gunia mara kwa mara ili ukungu usiingie. Kipime kwa mizani: uzito ukiacha kushuka, ndipo ukimalizie kwa kisu chenye makali na ukilete mjini.

Kuhusu miiko, acha kuikata kwa msumeno. Ukipasua kipande kwa shoka, nyuzi hukuonyesha zinakokwenda, na mwiko ukifuata nyuzi tangu ncha hadi mpini hauna sababu kubwa ya kujipinda. Tawi lililopinda lenyewe hutoa upawa imara kuliko ubao ulionyooka.

Niongeze jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalifurahia. Wako wanaoziba ufa kwa unga wa mbao na gundi, kisha wakaufunika kwa rangi ya viatu, na mnunuzi akauona miezi kadhaa baadaye ukiwa umefunguka tena katika mstari uleule. Ikiwa mnakusudia kuwafundisha watu kwa malipo, msiwafundishe hilo.

Mkerezaji

Naunga mkono maelezo ya Fundi, na ningependa kuongeza kwamba tabia hiyo ya kusinyaa inaweza kukufanyia kazi badala ya kukuharibia. Katika kiti cha miguu minne, miguu huchongwa ingali na unyevu kiasi, lakini vijiti vinavyoiunganisha hukaushwa kabisa kabla ya kupigwa. Tundu lililotobolewa katika mguu huendelea kusinyaa na kuubana ulimi wa kijiti kikavu, hivyo kiti hushikamana bila msumari. Ukigeuza utaratibu huo, yaani kijiti kibichi ndani ya mguu mkavu, kiti kitaanza kutikisika hata kabla hujakizoea.

Huko Uingereza, katika vilima vya Chiltern, mafundi walikuwa wakiweka vibanda vyao ndani ya misitu, wakikereza miguu ya viti kutoka miti mibichi na kuipeleka kwa viwanda vya High Wycombe. Kerezo lao lilikuwa mti mrefu unaonesanesa, kamba iliyozungushwa kwenye kipande kinachokerezwa, na ubao wa kukanyagia. Ukikanyaga, kipande huzunguka kukuelekea nawe unakata; ukiachia, mti wa juu huivuta kamba na kukirudisha. Chombo hicho hutengenezwa kwa siku chache kwa mikaratusi myembamba, na mwanafunzi hawezi kuumia nacho kama anavyoweza kuumia kwa mashine. Kipande cha kuchonga kwa kisu cha mipini miwili nacho hubanwa kwenye benchi ambalo mtu hulikalia kama farasi na kukibana kwa kusukuma kwa miguu.

Tahadhari mbili kwa wageni wenu. Grevilea huwawasha ngozi baadhi ya watu, hasa vumbi na majani yake, basi uliza kabla ya kumpa mtu tezo. Tena pasiwepo mtu wa kuchonga mwiko kutoka mti wa mapambo uitwao oleanda, wa aina yoyote ile, kwani mti huo ni sumu nao umejaa katika nyua za Nairobi.

Afisa Misitu Mstaafu

Mjukuu wangu, sheria ya uhifadhi na usimamizi wa misitu ya mwaka 2016 inatambua misitu ya umma, ya jamii na ya binafsi, na wenu uko katika kundi hilo la mwisho. Marufuku ya ukataji iliyotangazwa Februari 2018 ilihusu misitu ya umma na ya jamii. Hata hivyo, umiliki haukuondolei kila wajibu. Kanuni za mwaka 2009 zilimtaka mwenye shamba adumishe miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya kilimo, na magogo au mbao zikitoka shambani na kuingia barabarani zinahitaji kibali cha kusafirishia kutoka KFS, yaani Huduma ya Misitu ya Kenya. Nenda katika ofisi yao ya kaunti kabla ya kukata, na umwarifu chifu.

Sasa kuhusu miti. Mkaratusi ndio ulio tayari kuvunwa kila mara. Ukate kwa msumeno, usiukate kwa panga inayochana gome, ukiacha kisiki cha takriban sentimita 10 kilichoinama kidogo ili mvua isituame juu yake. Kitachipua, machipukizi yakishapata nguvu, acha mawili au matatu na uondoe mengine, nawe utakuwa na miti ya mipini na ya kerezo. Jua tu kwamba shina la mkaratusi lina mvutano mkubwa ndani yake na hupasuka kwenye ncha mara tu linapoanguka, basi lipasue vipande vinne siku hiyohiyo. Mgrevilea hauchipui vizuri kutoka kisikini ukishazeeka, lakini huvumilia kupogolewa matawi kwa miaka mingi, na matawi hayo yanatosha kwa miiko.

Muiri msiuguse. Tangu mwaka 1995 mti huo umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa sababu ya biashara ya magome yake, na mti mzima kama huo una faida zaidi kwenu ukiwa mama wa mbegu. Miringaringa nayo ningeiacha.

Fundi wa Pumwani

Mzee, kwa heshima zote, hapo kwenye mringaringa sikubaliani nawe. Hakuna mti wa huko juu unaofaa zaidi kwa kigoda na kinu, na wazee wetu waliutumia kwa kazi hizo.

Afisa Misitu Mstaafu

Nakubali kwamba unafaa, Fundi. Waliutumia wakiwa na msitu mkubwa; huyu kijana ana michache tu. Apande kwanza miche mingine, ambayo ataipata hapo jirani katika taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, Muguga, kisha achukue ule ulioangushwa na upepo.

Mjukuu wa Tigoni

Ahsanteni sana. Nitaanza na mikaratusi, na vigoda vitakaa guniani hukohuko hadi mizani itulie. Swali moja limebaki: miiko na bakuli za chakula nipake mafuta gani?

Mkerezaji

Mafuta ya mbegu za kitani (linseed) yasiyochemshwa, kidogo kidogo, huku ukifuta yanayobaki juu, kisha uache chombo kikauke kwa majuma kadhaa. Yale yanayouzwa madukani kwa jina la mafuta yaliyochemshwa huongezwa kemikali za metali za kuharakisha kukauka. Hayo yaishie kwenye miguu ya viti. Vitambaa ulivyofutia vitandaze nje vikauke, kwa sababu vikirundikwa vikiwa na mafuta hayo vinaweza kupata joto na kuwaka moto vyenyewe.