GARI LA BIBI 🚙 (watu 14)

Jumanne

[07:12] Anti Mwanaisha: Asalaam aleikum na habari za asubuhi. Bima wamejibu dai letu la ile ajali ya Idi. Naomba kila mtu ASOME, sio kuweka dole gumba tu
[07:12] Anti Mwanaisha: 📄 barua ya bima
[07:14] Anti Mwanaisha: Kwa kifupi wanalipa nyuma tu, bampa la nyuma na buti na taa moja. Mbele kote wamekata, wanasema "uharibifu wa awali usiohusiana na ajali". Na hata huko nyuma wamepunguza eti spea mpya kwenye gari la zamani ni faida kwetu
[07:14] Anti Mwanaisha: Wameweka na voucha ya kusaini. Idi USISAINI
[07:40] Zai: 👍🏽
[07:41] Anti Mwanaisha: Zai nimesema nini
[07:41] Zai: nimesoma anti dole gumba ndio saini yangu 😂
[07:55] Shemeji Hamisi: Dada Mwana kwenye voucha uko sahihi, hiyo karatasi huwa imeandikwa malipo kamili na ya mwisho, ukishaweka saini ukaja kesho ukasema radieta inavuja wanakwambia mama ulishakubali. Ikae kwanza. Halafu ombeni ripoti yenyewe ya mkaguzi, hiyo barua ni muhtasari tu, ripoti ndio inaonyesha kakata kipi na kwa nini
[07:57] Shemeji Hamisi: Na hilo la kupunguza uchakavu waulizeni limeandikwa wapi kwenye polisi
[08:02] Mama Zai: Polisi tena?? Jamani nani kakamatwa
[08:03] Shemeji Hamisi: Polisi ya bima shem, ule mkataba
[08:03] Zai: 🤣🤣🤣🤣
[08:04] Mama Zai: Uniandikie basi mkataba moyo wangu mdogo huu
[08:30] Anti Mwanaisha: Turudi kwenye hoja. Idi
[08:31] Anti Mwanaisha: Idi naona tiki za bluu
[12:47] Idi: Shikamooni. Nilikuwa kazini anti. Sijasaini ila yule dada wa bima kapiga mara mbili anasema nikisaini leo hela inatoka wiki hii nisiposaini faili linarudi nyuma
[12:48] Anti Mwanaisha: Wacha lirudi
[12:52] Idi: Mimi nilikuwa nimesimama kabisa kwenye foleni, mguu uko breki, yule wa pikapu kanivaa nyuma nikasukumwa nikampiga wa mbele yangu. Sasa nyuma iwe ajali mbele isiwe ajali, niliruka?
[12:53] Zai: mbele ilijibonyeza yenyewe kwa huzuni
[12:55] Anti Mwanaisha: Mkaguzi kaandika bampa la mbele lina mbonyeo wa zamani na rangi iliyochubuka upande wa kushoto
[12:58] Mama Zai: Upande wa kushoto 🙊
[12:58] Zai: geti limefufuka
[13:05] Salim: Nyie na hilo geti. Miaka mingapi sasa
[13:06] Anti Mwanaisha: Hakuna anayezungumzia geti hapa
[13:07] Mama Zai: Mimi nazungumzia. Gari tulichanga wote. Mtu akaligonga kwenye geti akasema atalinyoosha mwezi ujao, mwezi wenyewe mpaka leo haujaandama
[13:09] Salim: 🚫 Ujumbe huu umefutwa
[13:09] Mama Zai: Nimeuona
[13:10] Zai: mimi sijauona, naomba skrinshoti
[13:11] Anti Mwanaisha: BASI. Tunafanya hivi, barua naandika mimi leo, tunasema gari lilikuwa zima mbele, halina hata mkwaruzo. Wote kauli moja. Wakipiga simu kwa yeyote jibu ni hilohilo
[13:30] Mama Zai: Sawa
[13:44] Idi: Sawa anti
[13:44] Zai: 👍🏽 (hili ni la kweli)
[16:20] Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Ule mbonyeo wa mbele ulikuwepo. Fomu ya bima niliijaza mimi na yule kijana aliyekuja kulikagua gari alilipiga picha pande zote nikiwa nimesimama naye. Jina langu halitatumika kwenye uongo. Daini kilichovunjika siku ile, basi.
[16:21] Zai: Shikamoo babu
[16:21] Idi: Shikamoo baba mkubwa
[16:25] Salim: Shikamoo baba
[16:40] Baba Mkubwa: Marahaba.
[19:02] Anti Mwanaisha: Sawa Baba Mkubwa. Nimekuelewa
[19:30] Shemeji Hamisi: Mzee kasema kweli na kwa faida yetu pia. Hizo picha za kabla ya bima wanazo kwenye faili, mkiandika gari halina mkwaruzo wanatoa picha moja tu, na kwenye mikataba mingi ukikutwa na uongo mmoja wanaweza kukataa dai zima hata hiyo nyuma waliyokubali. Bampa la mbele liacheni, la geti ni la geti. Ila nyuma ya bampa je? Idi fundi alipolifungua alikuta nini
[19:48] Idi: Sapoti ya radieta imejikunja, kondensa ya AC imepasuka, feni imevunjika mapanga mawili na radieta yenyewe inavuja. Yule mkaguzi alikuja gari bado limefungwa, akapiga picha kama nne akaondoka hata boneti hakufungua
[19:51] Shemeji Hamisi: Hapo ndipo penye dai lenu sasa. Andikeni kwamba uharibifu umeonekana baada ya kufungua, mnaomba mkaguzi arudi aone KABLA ya fundi kuendelea. Na fundi asitupe chochote
[19:53] Idi: Feni ameshaitupa
[19:53] Anti Mwanaisha: Idi!!!
[19:54] Idi: Sikujua anti. Radieta ipo
[19:56] Mama Zai: Bibi ana kliniki wiki ijayo mkumbuke, mimi kwenye bodaboda simpandishi
[19:57] Zai: bibi atapenda ile 😂
[20:10] Anti Mwanaisha: Nani ana picha za siku ya ajali? Idi ulipiga
[20:31] Idi: 📷
[20:31] Idi: 📷
[20:33] Shemeji Hamisi: Hii ya pili hii. Tazameni chini ya gari, hayo maji ya kijani kwenye lami ni ya radieta, yametengeneza kidimbwi mpaka kwenye tairi. Na pikapu bado imegusa buti. Gari lenye radieta mbovu tangu zamani lisingefika hata hapo, lingeshachemka. Tuma hiyo kwanza

Jumatano

[06:15] Rehema: Jamani simu yangu ilikuwa haina bando tangu Jumapili. Nini kimetokea mbona meseji 60
[06:16] Zai: soma kutoka juu dada, usiruke
[22:38] Salim: 📷
[22:38] Salim: 📷
[22:38] Salim: 📷
[22:41] Salim: Nimetoka gereji. Ya kwanza ni vile vishikio vya radieta vilivyokatika, angalieni palipokatika ni peupe kabisa, hamna hata vumbi. Ya pili ni ule mbonyeo kwenye bampa, mchubuko umeshakuwa mweusi uchafu umeingia mpaka ndani. Mtu yeyote akiziweka hizo mbili pamoja anaona hii ya juzi na hii ya zamani. Ya tatu feni nimeikuta kwenye ndoo ya vyuma chakavu, nimemwambia fundi aifunge kwenye mfuko aweke na radieta
[22:44] Shemeji Hamisi: Umefanya la maana sana
[22:50] Mama Zai: Asante Salim. Na bampa?
[23:30] Mama Zai: Salim

Alhamisi

[06:50] Anti Mwanaisha: Barua imeenda kwa imeli usiku na picha zote. Nimesema wazi bampa la mbele hatudai. Na ile sehemu ya kwanza ya gharama tunayobeba wenyewe nimeandika idaiwe kwa bima ya yule wa pikapu maana kosa ni lake, Hamisi kaniambia tusipoiandika watadai ya kwao watulie
[06:51] Anti Mwanaisha: Sasa wakati tunaingoja lazima itoke mifukoni. Tugawane. Nani na nani
[06:51] Anti Mwanaisha: Na kesho nataka watu wawili gereji saa nne mkaguzi akirudi, sio Idi peke yake
[07:30] Anti Mwanaisha: Mmesoma watu kumi na moja
[08:10] Zai: nina mtihani anti wallahi
[08:12] Shemeji Hamisi: Niko safari mpaka Jumapili
[08:15] Rehema: Kwani pikapu ni ya nani
[09:03] Idi: Anti yule dada wa bima anapiga
[09:03] Idi: nipokee?
[09:20] Idi: Nimepokea. Anasema barua wameiona, mkaguzi anaweza kurudi ila Jumatatu sio kesho, na wanataka jina la mtu MMOJA tu wa kuongea naye kuanzia sasa
[09:21] Idi: Nimempa la Baba Mkubwa maana ndio lipo kwenye fomu
[09:21] Zai: 😳
[09:22] Anti Mwanaisha: Umempa la nani