Tupeane uzoefu: mtoto ana maksi za juu ila ada ya chuo Marekani hatuiwezi

mama_wa_wawili
Habari zenu wapendwa. Naombeni tupeane uzoefu maana mwenzenu usingizi umekata. Binti yangu yuko la 12 hapa Colorado, GPA (wastani wa maksi za shule) 3.94, SAT (mtihani wa kuombea chuo) 1480, anataka uinjinia. Baba yake anaendesha lori, mi muuguzi zamu za usiku. Sasa tukijaza kile kikokotoo cha gharama ambacho vyuo vinaweka kwenye tovuti zao kinasema tunao uwezo wa kulipa hela ambayo kwetu haipo kabisa, chenyewe hakijui kwamba kila mwezi tunatuma nyumbani ada za wadogo zetu na dawa za bibi yao. Kwahiyo msaada wa wenye shida hatupati na kulipa mfukoni hatuwezi, tuko katikati tu. Nasikia kuna vyuo vinatoa hela kwa maksi bila kuangalia kipato. Mliopita njia hii semeni mlifanyaje, na mngerudi nyuma mngebadilisha nini. Hata kama ni habari ya kuumiza iwekeni tu.

baba_zuhura
Pole sana dada, tumepita hapohapo mwaka juzi. Kosa letu la kwanza tulifuata majina. Zuhura aliomba vyuo 11, sita kati ya hivyo Ivy League, vile vyuo vinane vyenye jina kubwa, tukiamini kwa maksi zile watamlipia tu. Kumbe Ivy zote nane hazitoi skolashipi ya maksi hata moja, wanatoa kwa kuangalia kipato peke yake, maana kila anayeingia pale ana maksi kama za mwanao. Hilo hakuna aliyetuambia shuleni.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja tunafanya naye kazi. Akanionyesha kitu kinaitwa Common Data Set, we andika jina la chuo na hayo maneno matatu, inakuja faili ndefu, shuka nayo mpaka sehemu H utafute H2A. Pale wanaandika ni wanafunzi wangapi wasio na shida ya kifedha walipewa hela na chuo, na wastani wa kila mmoja ni dola ngapi. Ukikuta watu 4 achana nacho, ukikuta watu 400 hapo kaa uongee nao vizuri. Kisha rudi sehemu C uone SAT za walioingia, mwanao akiwa robo ya juu kabisa ndio wanamtaka, anawapandishia wastani wao na wanajua. Kwenye chuo ambacho maksi zake ni za kawaida yeye ndiye anayeomba, kwenye kile ambacho yuko juu wao ndio wanaomba.

Barua zilipokuja Machi tulikaa mezani na mke wangu, tukageuza kalenda ya ukutani nyuma tukachora mistari. Chuo cha kwanza skolashipi 30,000 kwa mwaka, nyumba nzima vigelegele. Cha pili 17,000, binti akakunja uso karatasi akaisukuma pembeni. Haya tukaanza kutoa. Cha kwanza ada chumba chakula na bima jumla 78,000, inabaki 48,000. Cha pili vyote 41,000, inabaki 24,000. Nusu kabisa! Na ile barua ya kwanza chini waliandika jumla ya msaada 35,500, mke wangu ndio akaona, ile 5,500 ya mwisho ni mkopo wa serikali wameupanga mstari mmoja na zawadi. Karatasi bado ninayo, nimelizungushia wino mwekundu hilo neno mkopo.

Alienda cha pili. Huko nako kuna kitu kilituumiza na chuo sikitaji. Alikesha wiki tatu anaandika esei akashinda skolashipi ya nje, 4,000. Tumefurahi, tumepeleka hundi, muhula unaanza tunakuta wamepunguza 4,000 kwenye ya kwao. Kazi ya mtoto imeenda na sisi tunalipa vilevile. Uliza mapema kwa email wakujibu kwa maandishi, hela ya nje ikija mnapunguza nini, mkopo au zawadi yenu. Vyuo vinatofautiana sana hapo.

njeri_georgia
Mimi niko Georgia, huku kuna skolashipi za maksi za jimbo, HOPE iliyoanza 1993 na Zell Miller, pesa inatoka kwa bahati nasibu ya jimbo, na lazima uwe mkazi na raia au uwe na green card. Zell inataka GPA 3.7 vile jimbo lenyewe linahesabu, si ile ya shule, na SAT 1200, na inalipa ada ya chuo cha serikali. Chumba na chakula ni juu yako. Kijana wangu aliipata tukashukuru Mungu. Lakini wanaangalia GPA ukifika krediti 30, tena 60, tena 90, na kubaki na Zell unahitaji 3.3. Wangu mwaka wa kwanza alibeba calculus, kemia na fizikia pamoja, akafika zile 30 akiwa na 3.26. Alinipigia simu usiku hasemi, analia tu. Akashushwa HOPE, ambayo inataka 3.0, hakukosa yote. Mama, kama binti yako ni wa uinjinia, kila ofa ikikuja angalia hiyo namba ya kubakisha skolashipi. Ofa ya 20,000 ya kudai 3.5 kila mwaka na ingine ya 16,000 ya kudai 3.0, mimi saa hii ningechukua ya pili bila kufikiria.

kaka_wa_imani
Sisi ilikuwa tarehe. Mdogo wangu alituma apilikesheni mwanzoni mwa Januari akiwa ndani ya dedilaini ya kawaida, akakubaliwa, hela sifuri. Kumbe kwa wale wanaotaka skolashipi ya maksi dedilaini ilikuwa Desemba 1. Vyuo vingine ni Novemba 1. Na jamani msiombe kwa Early Decision kama mnategemea hela, ile inakufunga, ukikubaliwa unatakiwa uende na hujaona ofa za wengine. Early Action haifungi, hiyo ombeni hata tano.

jirani_magharibi
Dada uko Colorado, umesahau WUE (Western Undergraduate Exchange)! Majimbo ya magharibi yamekubaliana, mtoto wa jimbo moja akisoma chuo cha serikali cha jimbo lingine kilichomo kwenye mpango halipi ada zaidi ya asilimia 150 ya ile wanayolipa wakazi, wakati bila hiyo mgeni analipa hata mara tatu. Ila sio kila chuo kimo na vingine vinabagua kozi, uinjinia ni mojawapo inayochomolewa mara nyingi, kwahiyo usiishie kusoma jina la chuo fungua na orodha ya kozi. Kwa yule mdogo wake, ile PSAT (mtihani unaotangulia SAT) ya Oktoba akiwa la 11 asiichukulie kama mazoezi, ndio mlango wa shindano la skolashipi la National Merit, na vyuo vya Alabama na UT Dallas (kule Texas) vinawapa wanaofika fainali yake vifurushi vikubwa vya hela.

kijana_wa_mbeya
Mi nilikuja na F-1 (viza ya mwanafunzi) kutoka bongo kwahiyo FAFSA, ile fomu ya kuombea msaada wa serikali, hainihusu, nami niongeze kwa wenye ndugu nyumbani. Nilisoma chuo cha Berea kule Kentucky. Hawatozi ada tangu 1892, kila mwanafunzi anafanya kazi angalau masaa 10 kwa wiki, mi nilianzia kwenye karakana ya mifagio, unafunga majani kwenye mpini kwa uzi unavuta mpaka viganja vinawaka. Ila wanachukua familia za kipato cha chini tu na wageni wachache mno. Maksi zinakuingiza, ila wanaangalia na kipato.

mama_wa_wawili
Jamani asanteni, nimesoma yote kwenye gari nikisubiri zamu ianze. Jana usiku tumefungua H2A za vyuo tisa, vinne tumevifuta palepale kikiwemo kimoja ambacho binti alikuwa na fulana yake tangu la 9. Alinyamaza kidogo halafu akasema mama tuangalie kinachofuata. Tumeandika na zile tarehe za Novemba kwenye friji. Baba Zuhura swali moja, hivi ofa ikishakuja mnaweza kuomba waongeze au ndio imeisha?

baba_zuhura
Inaombwa dada, usione aibu. Sisi tuliandika wiki ya kwanza ya Aprili, kabla ya Mei 1 ya kuthibitisha. Aliandika Zuhura mwenyewe sio mimi, aya mbili, kwamba chuo chenu ndio anachokitaka, akaambatanisha ofa ya chuo kingine cha kiwango hichohicho na hesabu yetu ya kinachobaki. Siku tisa wakajibu, wakaongeza 2,500 kwa mwaka miaka yote minne. Zile 24,000 zikawa 21,500. Kingine tulichoandikia kilikataa, kwa lugha nzuri tu.