Tupeane uzoefu: kubadilisha bushi za nyuma za gari la zamani ukiwa nyumbani

Wakuu, salaam. Bushi ni kile kipande cha mpira chenye chuma ndani na nje, kinachokaa kwenye maungio ya chini ya gari ili chuma kisigonge chuma. Naanza mimi, kisha naomba kila aliyewahi kulala chini ya gari lake atuwekee yake.

Nina Toyota IST ya mwaka 2003, niko Dar. Ilianza na mlio: nikivuka tuta, nyuma inagonga "ko!" mara moja tu. Nikabadilisha shokapu (vile vya kutuliza mtikisiko) zote mbili, mlio ukabaki palepale. Baadaye nikiwa kwenye mwendo, nikiachia mafuta ghafla nahisi gari inahama nyuma kidogo, kama mtu kaisukuma kwa bega. Nikaingia chini na tochi. Bushi ya kulia ilikuwa imechanika nusu nzima, mpira umeachana na chuma chake.

IST nyuma haina mikono mingi, yaani vile vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi. Ina mhimili mmoja wa chuma unaoshikwa kwenye bodi na bushi mbili kubwa, moja kila upande, kwa hiyo moja ikifa magurudumu yote mawili ya nyuma yanapoteza mwelekeo.

Fundi wa kwanza alizichoma moto zitoke, akagongea mpya kwa nyundo, akakaza boliti gari ikiwa bado juu. Miezi minne tu zikachanika tena. Nililaumu spea, nikasema nimeuziwa feki. Safari ya pili nikaamua kufanya mwenyewe uani, na hapo ndipo nilipoelewa kosa lilikuwa wapi.

Mpira wa bushi umegandishwa kwenye bomba la ndani na ganda la nje. Hauzunguki kama beringi, unajisokota na kurudi. Ukikaza boliti wakati magurudumu yananing'inia, bomba la ndani linabanwa likiwa kwenye mkao huo. Ukishusha gari, mpira unakuwa umeshasokoteka kabla hujatoka getini, na kila shimo linauongezea. Sasa boliti natia kwa mkono tu. Nanyanyua upande mmoja mmoja, naweka mbao nene na pana chini ya magurudumu, nashusha gari itulie kwa uzito wake, naweka kabari magurudumu ya mbele, ndipo naingia chini na kukaza. Bushi hizo zina mwaka wa tatu, hazina hata ufa.

Kuzitoa nilitumia chuma kirefu chenye nyuzi mwanzo mwisho, nati mbili, washa nene, na kipande cha bomba chenye upana wa kuimeza bushi. Unakaza nati taratibu, bushi inavutwa kuingia kwenye bomba. Moto sishauri kabisa, tangi la mafuta liko karibu mno. Kabla hujatoa ya zamani weka alama ya rangi, kwa sababu mpira wake una mapengo na lazima yaelekee kulekule yalikokuwa. Kuingiza nilipaka maji ya sabuni. Grisi ya kawaida inaulainisha mpira na kuuharibu. Na unaposhusha mhimili, legeza kwanza vishikio vya paipu za breki, zisije zikavutika.

Mchangiaji wa 2, Mombasa

Asante ndugu kwa kufungua hili. Langu ni Subaru Forester ya 2004, na huku kwetu chumvi ya bahari haina huruma na chuma.

Nyuma kuna boliti ndefu inayopita kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na kushika vyuma viwili vya pembeni. Nati ilifunguka vizuri, nikafurahi. Boliti yenyewe ikawa inazunguka pamoja na bomba la bushi, imeshikana nalo kwa kutu. Siku tatu nikiimiminia mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi na jioni, nikigonga. Haikutoka. Mwisho niliikata kwa grenda pande zote mbili, kisha nikasubiri wiki nzima nikitafuta mpya huku gari imelala juu ya stendi. Kwa hiyo nunua boliti mpya kabla hujagusa ya zamani. Ukirudisha, paka grisi kwenye shina la boliti, pale chuma kinapokutana na chuma, mpira usiuguse.

La pili: zile boliti za ndani zenye washa ya mistari ndizo zinazorekebisha mwelekeo wa gurudumu. Mimi nilizifungua bila kuweka alama. Gari ikawa inaenda upande, usukani umepinda, na tairi zikaanza kulika kwa ndani kabla sijaipeleka kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa mwelekeo wa magurudumu. Weka alama, na alaimenti uende hata hivyo.

Mchangiaji wa 3, Arusha

Mimi ni dada, naendesha Toyota Mark II GX100. Nilinunua mikono mizima ya mtumba nikidhani nimeokoa kazi ya kupresi bushi. Ikaja na bushi zake za Japani, kwa macho nzima. Nilipoubana mkono huo wa gari kwenye jiliwa na kuipinda bushi kwa bisibisi, nyufa zikafunguka kuzunguka mpira wote. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Mkono wa mtumba nitanunua tena, lakini bushi natia mpya, na natia pande zote mbili kwa pamoja.

Mchangiaji wa 4, Dodoma

Mkuu, nitajuaje ni bushi na si shokapu kabla sijatumia hela?

Mwanzisha mada

Ndugu wa Dodoma, nyanyua nyuma, weka stendi mbili imara chini ya bodi, usiingie gari ikiwa imeshikwa na jeki peke yake. Chukua tarimbo fupi, liweke kati ya mhimili na bodi karibu na bushi, sukuma mbele na nyuma huku mwenzako akimulika. Bushi nzima inacheza kidogo na kurudi yenyewe. Iliyokufa utaona boliti inahama katikati ya mpira, au chuma kinagusa chuma. Shokapu nayo itazame kama imelowa mafuta ya kuvuja. Ukiona mpasuko piga picha uiweke hapa, tuitazame pamoja.