Kuwatazama wapigapicha wakiwa kazini: mtu aangalie nini?

Mwuliza swali, Moshi: Ndugu zangu, mimi hupiga picha kwa kujifurahisha tu, na siku hizi raha ya kuwatazama wapigapicha wa harusi wakiwa kazini inakaribia kuizidi ile ya kupiga mwenyewe. Je, mtu asiye na mwalimu aangalie nini hasa?

Jibu, Arusha: Ndugu, usiitazame kamera, itazame miguu ya mpigapicha. Karibu na Mnara wa Saa nilimwona mmoja akiwazungusha maharusi taratibu hadi jua likawa mgongoni mwao, kisha msaidizi wake akakunjua kitambaa cheupe chini ya kidevu cha bibi harusi ili mwanga urudi usoni. Gauni jeupe likijaza picha, kamera iliyoachwa ijipimie mwanga yenyewe huelekea kuutia uso giza.

Jibu, Moshi: Nami naongeza suala la saa. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, mara nyingi huonekana alfajiri na kujifunika mawingu kadiri joto linavyopanda, hivyo wazoefu huwa wameshasimika stendi zao kabla jua halijachomoza. Tena uombe ruhusa kabla ya kusimama nyuma ya mtu; yeye yuko kazini, wewe uko matembezini.

Mwuliza swali: Ahsanteni sana. Je, kasi ya kamera ya 1/250 ya sekunde inawatosha maharusi wanaotembea?

Jibu, Arusha: Wakitembea inatosha. Wakianza kucheza, panda hadi 1/500.