Tupeane uzoefu: mkibishana sheria za bao, nani ana neno la mwisho?

Mtoto wa Ng'ambo: Jana barazani watu wamebishana juu ya shimo lililotakasiwa, yaani ambalo mwenyewe haruhusiwi kulichezea zamu hiyo, mpaka kahawa ikapoa. Kwenu nani huamua? Fundi (mchezaji bingwa), mwenye bao, au wanaotazama?

Kimbi: Fundi. Akishasema, tunaendelea.

Wa Wete: Mie hili lina miaka linanikaa moyoni. Ramadhani, baada ya tarawehe, nacheza na mgeni kutoka Unguja. Tumeshaingia mtaji, kete zote zimo baoni. Nikatakata, yaani nikacheza bila ya kula, yeye akawa hana la kula, na kwake likabaki shimo moja tu ninaloweza kulila. Akachota humo humo. Nikamshika mkono: "Hilo nimelitakasia!" Akanambia kwa upole, "Kaka, tazama mbele kwangu. Mengine yote kete moja moja, hili peke yake ndilo lenye zaidi." Tukamwita fundi. Alikuwa kageuka anapokea kikombe, hakuona kitu. Akasema, "Limetakasiwa. Rudisha." Mgeni akarudisha bila ya neno, akachezea nyuma. Nikamfunga.

Na alisema kweli. Nilijua pale pale. Nikanyamaza kwa sababu baba alikuwa ananitazama. Mgeni akanipa mkono, akenda zake. Hakurudi tena barazani kwetu.

Kete 64: Huyo si fundi. Ameamua asichokiona.

Wa Wete: Usimseme mzee wa watu, ni marehemu. Kosa langu mie.

Kete 64: Mungu amrehemu. Lakini bado angeuliza kwanza.

Bi Mkunazini: Sheria yenyewe wengi hawaijui. Nyumba, lile shimo la mraba la mbele, haitakasiwi. Shimo likiwa peke yake lenye kete mbele, halitakasiwi. Na hilo la mgeni, vile vile. Babu alinifundisha hivyo.

Kimbi: Sisi Unguja tuna na sheria ya kete 16: ukianza na shimo lenye kete 16 au zaidi, hazili.

Bi Mkunazini: Hiyo ya kila mahali, si ya Unguja!

Mchukuzi: Semezaneni kabla hamjapanga kete. Zikishasambazwa, nani atakumbuka zilivyokuwa?

Kimbi: Hapana. Fundi asipewe kahawa mpaka mchezo uishe, basi.

Mtoto wa Ng'ambo: Wa Wete, mtafute huyo mgeni. Unguja si kubwa.

Wa Wete: Jina sikumuuliza. Nakumbuka tu akicheza kwa mkono wa kushoto.